Kuzamia Ziwa Nyasa Ukitokea Mbeya: Anza Kupanga na Barabara ya Kurudi

Mtanzania akitajiwa kuzamia kwa mtungi mgongoni, mawazo yake hukimbilia Mafia, Pemba au Mnemba. Wachache hukumbuka kwamba Kyela na Ludewa nako kuna maji ya kuzamia ambayo hayana mfano pwani. Kuanzia Lyulilo, mwisho wa ufukwe wa Matema, hadi Ikombe, Lumbila na kuendelea Lupingu, Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani. Mteremko unaouona juu, wenye mawe na miti iliyong'ang'ania, unaendelea vilevile chini ya maji. Ziwa lenyewe lina kina kinachofikia mita 700 hivi, na samaki wanaoishi kwenye mawe hayo, wengi wao, hawapatikani popote pengine duniani.

Nimeandika hatua hizi kwa mtu mwenye cheti cha kuzamia anayeishi Mbeya, Tukuyu, Iringa, Makambako au Njombe, au anayekuja kutoka pwani. Asiye na cheti naye ana nafasi yake, nitamfikia.

Hatua ya 1: Panga siku ya kurudi kabla ya siku ya kwenda

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo maisha ya mtu yalipo.

Anayezamia Mafia akitoka majini analala usawa uleule wa bahari. Anayezamia Matema ana mlima wa kupanda. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na kabla hujafika Uyole barabara inavuka safu ya Uporoto kwa zaidi ya mita 2,000. Kwa upande wa shinikizo la hewa, ufukweni Matema unapata takriban asilimia 94 ya hewa ya pwani. Pale juu Uporoto inashuka chini ya asilimia 79. Tofauti hiyo yote unaimaliza kwa saa chache ndani ya Coaster.

Ukiwa chini ya maji, naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya mtungi inayeyuka na kuingia kwenye damu na mafuta ya mwili. Ukipanda juu polepole, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi. Lakini nyingine hubaki mwilini kwa saa nyingi baada ya wewe kuvua suti na kuagiza chakula. Ukianza kupanda mlima ingali imo, shinikizo la nje linapungua, na naitrojeni inaweza kujikusanya kuwa viputo kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji. Unaweza kuzamia vizuri kabisa, kwa kina kidogo, bila kosa lolote, na bado ukaupata kwenye kona za Kiwira.

Mtandao wa DAN, unaoshughulikia usalama wa wazamiaji duniani, unashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku mfululizo, kabla ya kupanda ndege. Ushauri huo unahusu kukaa kwenye hewa ya mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400 hivi. Tukuyu, Mbeya, Njombe na Iringa zote zimo humo. Kwa hiyo alama ya ndege iliyokatazwa ikionekana kwenye kompyuta yako ya kuzamia, kile kifaa kinachohesabu kina, muda na naitrojeni, isome kuwa ni alama ya Uporoto pia.

Mimi nasema saa 24, bila mjadala, na nasema hivyo kwa sababu Nyanda za Juu hakuna chemba ya shinikizo ya kukutibu. Ukihesabu hivyo, wikendi inajipanga yenyewe: unazamia Ijumaa na Jumamosi asubuhi, unatoka majini mara ya mwisho kabla ya saa tano asubuhi ya Jumamosi, na gari haliondoki Matema kabla ya saa tano ya Jumapili. Jumatatu uko kazini. Dereva akiwa naye alizamia, sheria ni ileile kwake. Asiwepo mtu wa "mimi nitawahi kidogo, nina kikao".

Anayeshukia Lupingu kutoka Njombe kupitia Ludewa hana nafuu yoyote. Kule kupanda kunaanza karibu na maji kabisa. Na kama ni mgeni anayekata tiketi ya ndege kutoka Songwe, ajue kwamba kabla ya ndege kuna mlima. Saa zihesabiwe hadi gari linapoanza kupanda.

Muda wa kusubiri haupotei. Lyulilo kuna gulio la Jumamosi ambako vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vinauzwa kwa wingi, kuna wali wa Kyela, kuna kokoa imeanikwa nje ya nyumba. Usiende kupanda milimani kwa miguu katika saa hizo, hata kama mtu atakwambia maporomoko ya maji yako karibu.

Hatua ya 2: Chagua maji

Ziwa Ngosi kwanza, kwa sababu vijana wengi wa Mbeya huniuliza. Lile la kwenye kreta, lenye rangi ya kijani inayobadilika kadiri jua linavyosogea. Usizamie Ngosi. Liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuta zake ni wima, mitungi utaibeba kwa mikono kupitia msituni, na eneo lote ni la volkano lenye hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Mtu akizidiwa pale chini, hakuna namna ya kumpandisha kwa haraka. Lipande, litazame kutoka ukingoni, shuka.

Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, ni habari nyingine. Ni dogo, la mviringo, upana wa mita kama 700, kusini-mashariki mwa Tukuyu kwenye njia ya Ipinda, na mwinuko wake ni mita 840 hivi. Wanasayansi wanalijua kuliko sisi majirani. Mwaka 2015 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha kwamba samaki wa aina moja mle ndani wanagawanyika kuwa makundi mawili: wanaokaa kandokando kwenye mwanga, ambao madume yao ni ya njano, na wanaokaa chini kwenye giza, ambao madume yao ni ya bluu iliyokolea. Mgawanyiko huo umetokea ndani ya miaka isiyozidi elfu moja hivi. Ukizamia hapo na tochi nzuri unaweza kushuka kutoka kundi moja hadi jingine kwa pumzi chache. Lakini ni maji ya mzoefu: mwanga unaisha mapema, tope la chini likitibuliwa huoni mkono wako, na mwinuko unahitaji hesabu.

Wenyeji wa Masoko watakusimulia kwamba Wajerumani, waliokuwa na boma pale, walitupa fedha na silaha ziwani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ukikuta chuma chochote chini, kiache. Mabaki ya vita yanaweza kulipuka hata baada ya miaka mia, na kama ni kitu cha kale, ni mali ya taifa.

Chaguo langu, na ninalolipendekeza kwa kila anayekuja mara ya kwanza, ni mawe ya kati ya Lyulilo na Ikombe. Ukitaka vyote viwili, pangilia kutoka juu kwenda chini: Masoko Ijumaa asubuhi, kisha ushuke Matema ulale, Jumamosi uzamie ziwa kubwa. Ukigeuza mpangilio huo utakuwa unapanda na naitrojeni mwilini.

Msimu mzuri ni Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini, mwera, unasukuma mawimbi makubwa hadi ncha hii ya kaskazini. Machi hadi Mei mvua za Kyela hazina mzaha, na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwaga tope ziwani. Hata msimu mzuri, maji ya mbele ya Matema si maangavu kama ya Ikombe, kwa sababu mchanga na mito viko karibu. Joto la maji ya juu ni kati ya nyuzi 24 na 29, hivyo suti ya mpira ya milimita 3 hadi 5 inatosha.

Hatua ya 3: Vifaa na hewa

Usitegemee kukuta duka la kuzamia Matema. Kila kitu unakuja nacho, au unakodi kutoka kwa kampuni ya pwani inayokubali kusafirisha vifaa na mkufunzi. Piga hesabu ya mitungi: wazamiaji wawili, kila mmoja akizamia mara tatu, ni mitungi sita, na mmoja wa akiba. Kila mtungi uwe na alama ya kupimwa kwa shinikizo la maji ndani ya miaka mitano iliyopita, na ukaguzi wa ndani wa mwaka huo. Garini ilazwe, ifungwe isibingirike, ifunikwe na jua.

Usijaze mtungi kwa kompresa ya gereji. Naandika hili kwa sababu nimeshasikia likipendekezwa kwa nia njema kabisa. Kompresa ya kujazia matairi inatoa hewa yenye mvuke wa oili na inaweza kuwa na kaboni monoksidi, ambayo chini ya maji inaua bila harufu. Tena haifikii shinikizo linalohitajika. Kama kundi lenu lina kompresa ya hewa ya kupumua, mdomo wake wa kuvutia hewa uwe upande upepo unakotokea, mbali na moshi wa injini na wa majiko.

Maji baridi hayakuinui kama ya chumvi. Aliyezoea kuzamia baharini apunguze vipande vya risasi vya kuongeza uzito anavyovaa mkandani. Mtu wa uzito wa kawaida mwenye vifaa vyake hupunguza kilo mbili hadi mbili na nusu. Jipime ufukweni kabla ya kupanda boti, ukiwa na suti ileile.

Kompyuta iwashe ukiwa ufukweni, na uhakikishe imetambua mwinuko. Baadhi hufanya zenyewe, nyingine hutaka uziambie. Anayetumia majedwali ya kuhesabia kina na muda badala ya kompyuta ajue kwamba ziwani, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, mita 20 zihesabiwe kama 21, na Masoko kama 22 au zaidi kidogo. Zungusha kwenda juu.

Ongeza kisu au mkasi wa kukatia nyavu, filimbi, boya la rangi, na kitu ambacho wengi hukiacha kwa sababu ni kizito: mtungi wa oksijeni ya tiba wenye barakoa yake. Huo ndio uwe wa kwanza kuingia garini.

Hatua ya 4: Ongea na wenye ziwa

Ukifika, anzia ofisi ya kijiji. Mweleze mtendaji mnachotaka kufanya, wapi, siku gani. Kisha onana na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, maana wao ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi. Mtu aliyefunikwa mpira mweusi akiibuka katikati ya nyavu za watu bila taarifa atadhaniwa mwizi wa samaki, na hawatakuwa wamekosea kudhani hivyo. Salamu ya Kinyakyusa, "ugonile", na dakika kumi za maelezo zinaondoa yote.

Chagua nahodha anayejua pwani ya mawe, si wa mchangani tu. Mpe maelezo haya kwa Kiswahili cha kawaida: boti isiwashe injini wazamiaji wakiwa karibu, afuate mapovu kwa kasia, akiona boya limepanda aje polepole, na mwera ukianza agonge chuma cha boti mara tatu ndani ya maji ili msikie. Bendera ya mzamiaji, nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari, ipandishwe, lakini msidhani kila mvuvi anaijua. Muulize pia kuhusu mamba. Midomo ya mito, hasa Lufilyo upande wa magharibi wa Matema, ni mahali pa mamba na viboko. Wenyeji wanajua mwaka huu wako wapi, na neno lao ndilo la mwisho.

Kuzamia usiku usifanye safari ya kwanza. Usiku usio na mwezi ndipo wavuvi wa usipa wanapotoka na taa, na maji yanajaa boti na kamba.

Hatua ya 5: Majini

Ingia saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kagueni vipimo vya hewa, mikanda na hewa ya akiba ya mwenzako, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti.

Shukeni kwa kufuata mwamba, si katika maji matupu. Mteremko wa Livingstone hauna sakafu ya kukusimamisha; asiyeweza kudhibiti kuelea kwake atajikuta mita 35 akiangalia samaki. Wekeni kikomo cha mita 18, na mimi husema wazi kwamba uzuri wenyewe uko kati ya mita 3 na 15. Sababu ni ya chakula. Samaki wa mawe, mbuna, wanakula utando wa mwani unaoota juu ya mawe, na mwani unahitaji jua.

Tulieni mahali pamoja. Ukiogelea haraka utaona rangi tu, bluu, njano, michirizi ya zambarau. Ukikaa dakika tano mbele ya jiwe moja utaona kazi: dume linalolinda eneo la mita moja na kumfukuza kila jirani, na jike lililovimba taya, halili chochote, kwa sababu limebeba mayai au watoto mdomoni. Usilisogelee sana, likishtuka linaweza kuwatema. Tafuta samaki mwenye pua nene iliyoning'inia juu ya mdomo, anayekwangua jiwe akiwa amelala nalo sambamba. Jina lake la kisayansi, Labeotropheus fuelleborni, linamkumbuka Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani aliyekusanya samaki wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19.

Pale mawe yanapokutana na mchanga, badilisha macho. Utakuta vilima vya mchanga vyenye shimo juu, vimejengwa na madume kwa midomo yao, kimoja kimoja, ili kumvutia jike. Ukimwona samaki mwenye mabaka amelala ubavu kana kwamba amekufa, usimguse: huyo ni kaligono, anasubiri wadogo waje kumdonoa aliye "mfu" awakamate. Na chini ya miamba mikubwa chungulia bila kuingiza mkono. Kampango, kambare mkubwa, hulinda watoto wake humo, na jike hutaga mayai yasiyorutubishwa kwa ajili ya kuwalisha tu.

Usichukue samaki, hata mmoja. Aina nyingine zinaishi kwenye kipande kimoja cha mawe na haziwezi kuvuka mchanga kwenda kwingine.

Geukeni hewa ikifika nusu. Pandeni si zaidi ya mita 9 kwa dakika, simameni mita 5 kwa dakika tatu hadi tano. Mara mbili kwa siku inatosha, ya kwanza iwe yenye kina zaidi.

Asiye na cheti: chukua miwani, snokeli na mapezi, panda boti hadi mawe ya Ikombe, na uelee juu. Mbuna wako mita moja chini ya uso wa maji, nawe huna naitrojeni ya kuhesabu, unaweza kurudi Mbeya jioni ileile. Vaa jaketi la kuelea, na usiwe peke yako.

Hatua ya 6: Mtu akiumwa

Kyela ni nchi ya malaria, na hapa ndipo hatari inapojificha. Mtu akisema anaumwa viungo, amechoka sana, ana kizunguzungu, kila mmoja atamwambia apime malaria. Apime, lakini kama amezamia ndani ya saa 24, mchukulie kwanza kuwa ana ugonjwa wa wazamiaji. Ganzi, miguu kulegea, kushindwa kukojoa, au madoa ya ngozi yanayowasha vinaongeza uzito.

Mpe oksijeni mara moja, kwa barakoa inayobana vizuri, na usiikatishe kwa sababu amesema amepata nafuu. Mlaze chali. Mpe maji ya kunywa kama ana fahamu kamili. Piga simu ya dharura ya DAN, ambayo uliiandika kabla ya safari pamoja na namba yako ya bima. Kisha mpeleke Hospitali ya Matema au ya wilaya Kyela, ambazo ziko usawa wa ziwa. Mazoea yetu ni kumkimbiza mgonjwa Hospitali ya Rufaa Mbeya. Kwa ugonjwa huu, kumvusha Uporoto bila ushauri wa daktari wa wazamiaji kunaweza kumharibu zaidi. Mwambie daktari kwa maneno haya: "Alizamia kwa mtungi, kina hiki, dakika hizi, alitoka majini saa hii." Andika kwenye karatasi na uibandike kifuani pake.

Hatua ya 7: Baada ya wiki kadhaa

Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, hasa karibu na makazi, na hupenya ngozi yako bila kuhisi. Ndiyo maana inafaa kuingilia majini kutoka kwenye boti badala ya kutembea ndani ya matete, na kujifuta kwa taulo kavu mara tu unapotoka. Hata hivyo, wiki sita hadi nane baada ya safari nenda ukapimwe mkojo na choo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikimezwa mapema mno haiwakamati vizuri vimelea wachanga, kwa hiyo usimeze siku ya kurudi ukadhani umemaliza. Ukiwa umezamia na kundi, kumbushaneni tarehe hiyo, maana dalili zinaweza kuchelewa na wengine hawaoni chochote mpaka mkojo uwe na damu.